Kilti, Kikoi na Sketi: Jina la Vazi na Heshima ya Mwanamume

Miongoni mwa matatizo yanayomkabili mfasiri na mtunga kamusi wa Kiswahili ni lile la mavazi. Nguo ni kitu kinachoshikika, na kwa hiyo mtu angedhani kwamba kuipa jina ni kazi nyepesi. Lakini habari itokayo Edinburgh, ikimweleza bwana harusi aliyesimama kanisani na kilti chake cha miraba, aghalabu humfikia msomaji wa Afrika Mashariki kwa maneno "amevaa sketi", naye msomaji akacheka. Bwana harusi yule hakufanya jambo la kuchekesha. Kwao amevaa vazi rasmi kuliko mengine yote aliyo nayo. Kilichochekesha ni neno.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neno linavyoweza kulifanya vazi la mwanamume kuwa heshima au fedheha. Mfano mkuu ni kilti cha Uskoti, kwa kuwa historia yake imeandikwa kwa tarehe na kwa sheria. Lakini kitatazamwa sambamba na kikoi, msuli na lubega, ambayo ni mavazi ya nyumbani Afrika Mashariki. Inadaiwa hapa kwamba ugomvi juu ya mwanamume kuvaa nguo isiyo na miguu si ugomvi wa kitambaa, wala wa umbo. Ni ugomvi wa jina, na wa nani mwenye mamlaka ya kulitoa jina hilo.

Vazi na kitenzi chake

Yafaa kwanza kutazama jinsi Kiswahili chenyewe kinavyoyapanga mavazi. Suruali huvaliwa, shati huvaliwa, kanzu huvaliwa. Kikoi hufungwa, na msuli vilevile hufungwa. Mwenye mtandio hujitanda. Kilemba hupigwa, na lubega pia hupigwa. Vitenzi hivi havimwulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke. Vinauliza jinsi nguo inavyokaa mwilini: je, imeshonwa ili mtu aingie ndani yake, au ni kitambaa kizima kinachoshikizwa kwa fundo, kwa mkunjo au kwa mkanda? Mwanamke hujifunga kanga na mwanamume hujifunga kikoi, kwa kitenzi kile kile.

Tofauti ya kiume na kike huingia kwa mlango wa nomino. Kanga na kikoi ni vitambaa vya mstatili ambavyo vipimo vyake vinakaribiana. Kanga ina pindo, ina mji, na ina maandishi ambayo wenyewe huyaita jina. Kikoi kimefumwa kwa mistari ya rangi pembeni, na maandishi hakina. Usiku, nyumbani kwake, mwanamume aweza kujifunga kanga ya mkewe aende kuoga, na mtu asishangae. Akitoka nayo mpaka barazani, wenzake watamtania hadi akome. Akirudi ndani akabadilisha, akatoka na kikoi, utani unakwisha, ingawa mwili wake umesitirika kwa kiasi kile kile na miguu yake iko pamoja kama ilivyokuwa mwanzo.

Kanzu nayo ni ushahidi wa namna hiyo. Ni vazi la kipande kimoja, lishukalo toka shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu pasipo kuigawa. Mgeni asiyejua mila za pwani wala za Buganda angeweza kuliita gauni. Lakini Uganda kanzu yenye koti juu yake ni vazi la mwanamume anayekwenda kujitambulisha ukweni, na pwani ni vazi la msikitini na la harusini. Hakuna athubutuye kumwambia mzee aliyevaa kanzu kwamba amevaa gauni. Jina limekwisha kumkinga.

Asili ya maneno

Historia ya maneno yenyewe inaonyesha kwamba mipaka hii haikuwekwa na maumbile. Neno suruali liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka Kiajemi. Sketi imetoka Kiingereza, lakini Waingereza nao walilichukua neno hilo kwa watu wa Skandinavia wa zamani, ambao kwao skyrta ilikuwa na maana ya shati. Wakati huo Kiingereza kilikuwa tayari na neno lake lenyewe la shina hilo hilo, ambalo Kiswahili kimelipokea kwa umbo la shati. Kwa hiyo shati na sketi ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alipanda kifuani, mwingine akashuka kiunoni; na katika kushuka kwake huyu wa pili akahesabiwa kuwa wa kike.

Kilti nacho ni neno lenye asili ya Skandinavia. Latokana na kitenzi chenye maana ya kuikunja nguo na kuipandisha kiunoni, kama afanyavyo mtu anayetaka kuvuka mto. Waskoti wa Nyanda za Juu, wasemao Kigaeli, wana neno lao wenyewe: féileadh. Jina ambalo dunia inalijua, basi, si lile walilolitoa wenye vazi. Ni jina la majirani zao.

Kilti: toka vitani hadi sherehe

Vazi la awali lilianza kuonekana katika Nyanda za Juu za Uskoti mwishoni mwa karne ya 16. Lilikuwa kitambaa kikubwa cha sufu, kikakunjwa marinda, kikafungwa mkanda kiunoni, na sehemu ya juu ikatupwa begani. Msemaji wa Kiswahili angelieleza kwa maneno machache: ni lubega iliyotiwa mkanda. Mchana ilikuwa nguo, usiku ikawa blanketi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 sehemu ya chini ilianza kuvaliwa peke yake, na hicho ndicho kilti kijulikanacho leo.

Barua iliyochapishwa mwaka 1785 ilidai kwamba mabadiliko hayo yalibuniwa na Mwingereza aliyeitwa Thomas Rawlinson, mwenye tanuri la chuma, ili vibarua wake wa Kiskoti wafanye kazi bila ya kuzuiwa na kitambaa kingi. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper aliishikilia hoja hiyo katika sura yake ya kitabu kilichohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger mwaka 1983, juu ya mila zinazobuniwa. Wengine wameipinga. Lililo muhimu kwa makala haya ni kwamba katika kitabu hicho hicho Ranger, aliyepata kufundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliandika juu ya mila zilizobuniwa Afrika wakati wa ukoloni. Kilti na "desturi za Kiafrika" zilijadiliwa kati ya jalada moja, na haikuwa kwa bahati mbaya: katika pande zote mbili lilikuwapo swali la nani aliyepewa haki ya kusema kipi ni cha asili.

Mwezi wa Aprili 1746 majeshi ya serikali yaliwashinda waasi huko Culloden. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kupiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1747. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa kifungo cha miezi sita. Adhabu ya kosa la pili ilikuwa kuhamishwa ng'ambo kwa miaka saba. Mtu aliweza kupoteza miaka saba ya uhai wake kwa kitambaa cha sufu.

Mambo mawili katika sheria hiyo yanastahili kuangaliwa. La kwanza, ilitaja wanaume na wavulana, wanawake haikuwagusa. La pili, iliwaachilia askari waliokuwa katika majeshi ya Mfalme. Bunge lile halikukichukia kilti kwa kudhani kwamba kinamfanya mwanamume kuwa mwanamke. Lilikichukia kwa sababu iliyo kinyume kabisa: lilikiona kuwa alama ya mpiganaji asiyetiishwa. Mpiganaji huyo akiingia jeshini, akatii amri, nguo ile ile ikawa halali tena. Umbo lilikuwa moja, mvaaji mmoja. Kilichobadilika ni mamlaka iliyosimama juu yake.

Sheria ilifutwa mwaka 1782. Miaka arobaini baadaye, Agosti 1822, Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh katika sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott, na mfalme mwenyewe akavaa kilti. Vazi lililompeleka Mskoti gerezani katika enzi ya baba wa babu likavaliwa na kitukuu mwenye taji. Tangu hapo kilti kimekuwa vazi la taifa zima, hata kwa Waskoti wa Nyanda za Chini ambao wazee wao hawakukivaa. Leo kilti kamili huchukua kama mita saba za kitambaa, marinda yakiwa nyuma na kimfuko cha ngozi kikining'inia mbele. Mskoti wa kawaida huenda kazini na suruali, akakiweka kilti kwa harusi, mahafali na mechi za mpira. Lakini akikivaa siku ya kazi, hakuna sheria wala desturi inayomtia aibu.

Mahali ambapo si ajabu

Katika sehemu kubwa ya dunia nguo isiyo na miguu ni vazi la mwanamume la kila siku. Wasomali wa kaskazini-mashariki ya Kenya hujifunga macawis. Wanaume wa Kerala, India, hujifunga mundu. Huko Fiji sulu ni vazi la ofisini, na polisi wa nchi hiyo huonekana katika magwaride na sulu nyeupe yenye pindo la meno-meno. Mfano wa Burma unafundisha zaidi, maana huko wanaume na wanawake huvaa nguo ya namna moja, nayo huitwa longyi. Ila ya mwanamume ina jina lake, paso, na hufungwa fundo mbele. Ya mwanamke ina jina lake, htamein, na hukunjwa ubavuni. Jamii ile iliona haja ya kutofautisha, na ikaona kwamba jina na fundo vinatosha.

Mfano mkubwa kuliko yote ni ule wa hija. Kila mwanamume Mwislamu anayehirimia, awe waziri au mkulima, huvua suruali na kila nguo iliyoshonwa, akajifunga shuka moja kiunoni na kujitupia nyingine begani. Vazi hilo ndilo alama ya unyenyekevu na usawa mbele ya Mungu, na hakuna aliyewahi kuliita sketi.

Sketi kama hoja

Katika nchi za Ulaya, ambako neno sketi limeganda upande wa kike, wanaume wachache wamelitumia gando hilo kama silaha. Mwezi wa Juni 2013, madereva wa treni wa njia moja ya Stockholm, Uswidi, waliokatazwa kuvaa kaptula wakati wa joto, walikwenda kazini na sketi, kwa kuwa kanuni ziliziruhusu. Juni 2017 madereva wa mabasi wa Nantes, Ufaransa, walifanya vivyo hivyo, na mwezi huo huo wavulana wa shule moja ya Exeter, Uingereza, wakavaa sketi za sare. Wote hawa hawakuitaka sketi, walitaka kaptula. Walijua kwamba aibu ya jina itawafanya wakubwa waifikirie upya kanuni.

Wengine wamelitaka vazi lenyewe, na hao wamelikimbia jina. Mwaka 2000 ilianzishwa huko Seattle, Marekani, biashara ya kushona vazi la kiume lisilo na miguu, lenye mifuko kama ya suruali ya fundi. Washonaji hawakuliuza kwa jina la sketi; waliliita aina ya kilti. Mwaka 2008 mkutano wa chama cha wapeleka barua wa Marekani uliletewa pendekezo la kuruhusu vazi kama hilo katika sare, na mpendekezaji akalieleza kwa maneno yenye maana ya "vazi la kiume lisilogawanyika". Pendekezo lilikataliwa. Lakini jitihada ya kutafuta jina yaonyesha kwamba mpendekezaji alitambua mahali palipokuwa na kikwazo.

Lubega na suruali

Ingekuwa kosa kudhani kwamba habari za Culloden ni za mbali mno na Afrika Mashariki. Kadiri shule na ofisi za kikoloni zilivyoenea, kaptula na suruali zikawa alama ya msomi, na kitambaa cha kufunga kikawa alama ya "mshenzi". Uhuru haukuifuta fikira hiyo mara moja. Mwishoni mwa mwaka 1967 na katika mwaka 1968 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache ngozi, shuka na udongo mwekundu, wavae mavazi yaliyohesabiwa kuwa ya kisasa, suruali ikiwa mojawapo. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: maendeleo na heshima ya taifa. Lakini Mmasai aliyekuwa na heshima zake zote katika boma lake aliambiwa kwamba hana nguo.

Neno hilo, "hana nguo", ndilo lenye uzito. Mmasai alikuwa amevaa. Lubega yake ilimfunika zaidi ya kaptula ya askari. Alichokosa ni nguo ambayo mwenye mamlaka aliitambua kwa jina la nguo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mskoti wa mwaka 1747. Na kama kilti, lubega nayo imegeuziwa uso. Leo picha ya Mmasai na shuka lake hutumiwa kuitangaza Kenya na Tanzania kwa watalii. Vazi lililoitwa kizuizi cha maendeleo sasa linaingiza fedha za kigeni. Aliyelivaa hakubadilika.

Pingamizi mbili

Wapo wasemao kwamba dini inakataza. Hutajwa Kumbukumbu la Torati 22:5, mahali panapowakataza wanaume na wanawake kubadilishana mavazi. Aya hiyo, hata hivyo, haitaji umbo la vazi lolote. Na watu walioipokea kwanza walikuwa wanaume wa majoho na kanzu, si wa suruali. Inachokataza ni kubadilishana, na kipi ni cha nani huamuliwa na jamii ya wakati huo. Mskoti mwenye kilti hakuchukua cha mkewe, kama vile mzee wa Lamu mwenye kikoi hakuchukua cha mkewe.

Pingamizi ya pili ni kwamba jina likilegezwa, adabu italegea. Hapa historia ya suruali yatosha kujibu. Mwaka 1800 amri ilitolewa Paris kumzuia mwanamke kuvaa suruali bila ya kibali cha polisi. Serikali ya Ufaransa ilitamka rasmi mwaka 2013 kwamba amri hiyo haina nguvu tena. Huko Malawi, sheria ya mwaka 1973 chini ya Rais Banda iliwakataza wanawake kuvaa suruali, nayo ikaja kufutwa katika miaka ya 1990. Siku hizi mwanamke mwenye suruali ni mwalimu, ni hakimu, ni mama wa watu, na neno suruali limeacha kumtaja mwanamume peke yake. Adabu haikuanguka. Neno lilipanuka tu.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yanapendekezwa kwa wafasiri na watunga kamusi. Kwanza, vazi la Waskoti liitwe kilti, si sketi. Neno hili linaingia bila taabu katika ngeli ya KI-VI, kilti na vilti, kama lilivyoingia neno la Kiarabu kitabu likapata vitabu, na kama kiplefti cha barabarani kilivyopata viplefti. Pili, sulu, paso na mengineyo yaachiwe majina yao, na msomaji aelezwe kwa kufananishiwa na kikoi, anachokijua, badala ya sketi, inayompotosha. Tatu, kamusi, ambazo kwa kawaida huifafanua sketi kuwa vazi la kike, zieleze kwanza umbo lake, kisha ndipo ziseme nani huivaa na wapi. Umbo ni habari ya kitambaa. Mvaaji ni habari ya jamii, na jamii hubadilika.

Haidaiwi kwamba kila mwanamume wa Nairobi avue suruali yake. Kinachodaiwa ni kidogo kuliko hicho, na pengine ni kigumu zaidi: kwamba kabla ya kumcheka mtu, au kumfungia mlango wa ofisi, au kumwambia hana nguo, mwenye kusema alipime kwanza neno lake. Lugha iliyopata maneno kikoi, msuli, saruni, shuka, lubega na kanzu kwa ajili ya mwanamume asiye na suruali haikosi nafasi ya kilti.